Kununua bunduki Marekani: Sheria ni moja, maduka hayafanani

Na Mwandishi Wetu

MKAZI wa mji wa kawaida nchini Marekani anayetaka kununua bunduki ana njia mbili kuu mbele yake. Anaweza kwenda katika duka kubwa lenye matawi nchi nzima, ambako bunduki za kuwindia hupangwa ndani ya kabati la kioo lililofungwa kwa kufuli, hatua chache kutoka zilipo ndoano za kuvulia samaki na mahema ya kambi. Au anaweza kwenda kwa muuza bunduki wa mtaani, ambaye duka lake ni chumba kimoja au viwili, na mwenyewe ndiye muuzaji, fundi na mshauri.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi, aliyezoea kwamba raia hapati silaha pasipo kwanza kupewa kibali na mamlaka, jambo hilo laweza kushangaza. Lakini Marekani ni nchi ya aina yake. Kwa makadirio yaliyotolewa mwaka 2018 na Small Arms Survey, taasisi ya utafiti yenye makao yake Geneva, Uswisi, raia wa Marekani walikuwa wakimiliki silaha zipatazo milioni 393. Idadi hiyo inazidi ile ya watu wote wa nchi hiyo.

Mnunuzi mwenyewe mara nyingi huliona suala la duka gani aende kuwa ni suala la bei na urahisi. Ukweli ni kwamba linagusa pia usalama wa watu ambao hawajawahi kukanyaga katika duka hilo. Sheria ya shirikisho imewawekea wauzaji wote kiwango kimoja cha chini, kisha ikaacha mambo mengi mazito yaamuliwe na yule aliyesimama nyuma ya kaunta.

Msingi wa sheria

Msingi wa biashara hii ni Sheria ya Udhibiti wa Silaha ya mwaka 1968. Kabla ya hapo bunduki iliweza kuagizwa kwa posta kama nguo au saa. Bunduki iliyotumika kumuua Rais John F. Kennedy mwaka 1963 iliagizwa kwa njia hiyo kutoka duka moja la Chicago, kwa jina la uongo na kwa dola zipatazo 21 tu, pamoja na gharama za kuisafirisha.

Sheria ya 1968, iliyopitishwa mwaka ambao Martin Luther King na Robert Kennedy nao waliuawa kwa risasi, ilikomesha biashara hiyo ya posta. Iliagiza kila anayefanya biashara ya silaha awe na leseni ya shirikisho, ambayo leo hutolewa na idara inayosimamia pombe, tumbaku, silaha na milipuko, maarufu kwa kifupi cha ATF.

Leseni hiyo si ghali. Mwombaji hulipa dola 200 kwa miaka mitatu ya mwanzo, kisha dola 90 kila anapoihuisha kwa miaka mitatu mingine. Kabla ya mwaka 1993 ada ilikuwa dola 10 tu kwa mwaka, na watu wengi walikuwa na leseni huku wakiuzia majumbani mwao. Ada na masharti yalipoongezwa, idadi ya wenye leseni ilishuka sana.

Hatua ya pili kubwa ilikuja na Sheria ya Brady ya mwaka 1993. Ilipewa jina la James Brady, msemaji wa Rais Ronald Reagan, aliyejeruhiwa kichwani katika jaribio la kumuua Reagan Machi 30, 1981. Kutokana na sheria hiyo, Novemba 1998 ulianza kufanya kazi mfumo wa kuchunguza historia ya mnunuzi papo hapo, unaoendeshwa na Shirika la Upelelezi la Marekani (FBI) kutoka Clarksburg, jimbo la West Virginia.

Utaratibu ni ule ule katika duka kubwa na dogo. Mnunuzi huonyesha kitambulisho chenye picha na anwani, kisha hujaza fomu namba 4473. Huulizwa kama amewahi kutiwa hatiani kwa kosa zito, kama amehukumiwa kwa kumpiga mwenzi wake, kama anatumia dawa za kulevya, kama amewahi kulazwa kwa amri ya mamlaka katika hospitali ya wagonjwa wa akili, na kama yumo nchini kihalali. Muuzaji huwasilisha maelezo hayo kwa FBI, au kwa idara ya jimbo katika majimbo yanayojiendeshea uchunguzi huo. Mara nyingi jibu hurudi baada ya dakika chache: uza, subiri, au usiuze.

Kusema uongo katika fomu hiyo ni kosa la jinai. Juni 2024 Hunter Biden, mtoto wa Rais wa wakati huo Joe Biden, alitiwa hatiani na mahakama ya Wilmington, jimbo la Delaware, kwa makosa yaliyotokana na kukana katika fomu hiyo kwamba alikuwa akitumia dawa za kulevya alipokuwa akinunua bastola mwaka 2018. Alinunua katika duka la mtaani, na muuzaji hakuwa na njia ya kuujua uongo huo kwa kutazama karatasi. Desemba 2024 baba yake alimsamehe.

Kila duka hutoa kitu tofauti

Duka kubwa lina nguvu ya kununua bidhaa kwa wingi, hivyo mara nyingi bei yake ya bunduki mpya za kawaida huwa ya chini. Lina maegesho mapana, hufunguliwa kwa saa nyingi, na linajulikana na kila mtu. Kwa mkulima au mwindaji wa msimu anayetaka bunduki ya kawaida ya kuwindia paa na paketi kadhaa za risasi, hapo humalizana haraka.

Lakini uteuzi wake ni mdogo. Walmart, kampuni kubwa kuliko zote za rejareja nchini humo, haiuzi bastola, wala haina fundi wa kutengeneza bunduki iliyoharibika. Anayeuza silaha leo huenda jana alikuwa akiuza baiskeli katika kona ya jirani, ingawa kampuni hiyo huruhusu wafanyakazi maalumu tu kushughulikia mauzo ya silaha. Makampuni yanayojikita katika uwindaji na uvuvi, kama Bass Pro Shops, ambayo iliinunua Cabela's mwaka 2017, yana aina nyingi zaidi, bastola zikiwamo.

Muuzaji wa mtaani hawezi kushindana na makampuni hayo kwa bei ya bunduki mpya, kwa kuwa faida yake kwa kila bunduki ni ndogo. Riziki yake hutoka kwenye mambo mengine: bunduki zilizotumika, ambazo huzinunua, kuzibadilisha au kuziuza kwa niaba ya wenyewe, kazi ya ufundi, darubini na mikoba, mafunzo, na wakati mwingine uwanja wa kulengea shabaha ulio nyuma ya duka.

Aidha, humwuzia mnunuzi muda wake. Mjane aliyeachiwa bunduki na marehemu mumewe na hajui aifanyie nini, au kijana anayenunua kwa mara ya kwanza, hupata mtu wa kumweleza namna ya kuishika, kuisafisha na kuifungia mbali na watoto. Maduka mengi ya namna hii ni baraza pia, wastaafu wa jeshi na wawindaji wakikutana hapo asubuhi kunywa kahawa na kuzungumza. Mwenye duka huwafahamu wateja wake kwa majina, na mara nyingi aliwafahamu na baba zao.

Siku tatu za kazi

Tofauti iliyo nzito zaidi hujitokeza pale jibu la FBI linapokuwa "subiri". Sheria inasema kwamba zikipita siku tatu za kazi pasipo jibu la mwisho, muuzaji anaweza kumkabidhi mnunuzi bunduki. Hailazimishi kuuza, wala haikatazi. Uamuzi umeachwa kwa duka.

Madhara ya nafasi hiyo yalionekana mwaka 2015. Aprili mwaka huo kijana wa miaka 21, Dylann Roof, alikwenda katika duka la bunduki la mji wa West Columbia, South Carolina, kununua bastola. FBI ilijibu kwamba asubiri. Kijana huyo alikuwa na kumbukumbu ya kukamatwa na dawa za kulevya ambayo ingemzuia, lakini mchunguzi aliyeitafuta hakuifikia idara ya polisi iliyokuwa nayo. Siku tatu zikapita, duka likampa bastola. Halikuvunja sheria yoyote.

Juni 17, 2015 Roof aliingia katika kanisa la Emanuel mjini Charleston, akaketi na waumini Weusi waliokuwa katika somo la Biblia, kisha akawaua tisa kati yao. Mwezi uliofuata mkurugenzi wa FBI wa wakati huo, James Comey, alikiri hadharani kwamba kijana yule hakustahili kuuziwa silaha.

Walmart ilikuwa na kanuni tofauti. Kwa sera yake haikabidhi bunduki mpaka jibu la "uza" lipatikane, hata zikipita siku ngapi. Sera hiyo haikutungwa na Bunge wala mahakama, bali na kampuni yenyewe. Kwa maneno mengine, mtu mmoja, mwenye kumbukumbu zile zile na jibu lile lile la FBI, angeweza kupata bunduki katika mlango mmoja na kukosa katika mlango wa pili wa mji huo huo.

Baada ya mauaji ya Charleston, Baraza la Wawakilishi lilipitisha mara mbili, mwaka 2019 na mwaka 2021, muswada wa kuongeza muda huo hadi siku 10. Mara zote mbili muswada haukupita katika Seneti. Sheria iliyotiwa saini Juni 2022 iliongeza muda hadi siku 10 za kazi kwa wanunuzi wa chini ya miaka 21 pekee, pale uchunguzi unapoonyesha haja ya kutafuta zaidi kumbukumbu zao za utotoni. Kwa wengine siku tatu zimebaki pale pale, isipokuwa katika majimbo yaliyojiwekea masharti makali zaidi. California, kwa mfano, humtaka kila mnunuzi angoje siku 10.

Maduka makubwa yanavyojifunga

Makampuni makubwa hayakuanza kujiwekea masharti kwa sababu ya huruma pekee. Yana jina la kulinda, wanahisa, na wateja wengi ambao hawapendi kununua maziwa ya mtoto katika jengo moja na silaha. Kila mauaji makubwa yanapotokea, macho ya waandishi wa habari huelekea kwao.

Walmart ilitangaza mwaka 1993 kuacha kuuza bastola karibu kote nchini, isipokuwa Alaska. Mwaka 2001 ilikuwa zamu ya Kmart. Mtengeneza filamu Michael Moore alifuatana na vijana walionusurika mauaji ya shule ya Columbine ya mwaka 1999 hadi makao makuu ya kampuni hiyo, kwa kuwa risasi zilizowajeruhi zilinunuliwa katika tawi lake. Kmart ikatangaza kuacha kuuza risasi za bastola.

Mwaka 2008 Walmart ilikubaliana na umoja wa mameya uliokuwa ukiongozwa na Michael Bloomberg, meya wa New York wa wakati huo, kufuata kanuni kumi. Miongoni mwake ni kurekodi kila mauzo ya bunduki kwa kamera, na kutunza katika kompyuta kumbukumbu za silaha ilizouza ambazo baadaye zilihusishwa na uhalifu. Mwaka 2015 iliacha kuuza bunduki zinazofanana na zile za kivita, ikisema kwamba wanunuzi wake wamepungua.

Februari 14, 2018 watu 17 waliuawa katika shule moja ya Parkland, Florida. Muuaji alikuwa amenunua bunduki yake kihalali katika duka la mtaani akiwa na miaka 18. Lakini Edward Stack, mkuu wa kampuni ya Dick's Sporting Goods, aligundua katika kumbukumbu zake kwamba kijana huyo aliwahi kununua pia bunduki nyingine katika tawi la kampuni hiyo, ingawa haikutumika katika mauaji hayo.

Wiki mbili baadaye Stack alitangaza kwamba Dick's haitauza tena bunduki zinazofanana na za kivita, wala haitamwuzia silaha yeyote aliye chini ya miaka 21. Bunduki zilizobaki ghalani, zenye thamani ya dola milioni 5, hazikurudishwa kiwandani bali zilivunjwavunjwa zikawa chuma chakavu. Mwenyewe alieleza baadaye kwamba uamuzi huo uliigharimu kampuni mauzo ya takriban dola milioni 250. Walmart nayo ilipandisha umri hadi miaka 21 siku ile ile Stack alipotoa tangazo lake.

Agosti 3, 2019 mauaji yaliifika Walmart yenyewe. Mtu mwenye bunduki aliwashambulia wateja katika tawi la El Paso, Texas, na watu 23 wakapoteza maisha. Mwezi uliofuata kampuni ilitangaza kuacha kuuza risasi za bastola na zile zinazotumika katika bunduki zinazofanana na za kivita, na kufunga mauzo ya bastola ya Alaska.

Tangazo hilo lilitoa pia takwimu muhimu. Walmart ilijikadiria kuwa na asilimia 2 tu ya soko la bunduki nchini, lakini asilimia 20 ya soko la risasi. Hivyo duka linalotajwa kuliko yote katika mjadala huu halikuwa muuzaji mkubwa wa bunduki hata kidogo. Wateja waliokataliwa risasi au bunduki fulani huko walikuwa na mlango mwingine wa kubisha, nao ni wa muuzaji wa mtaani.

Wengi wa wauzaji hao walizipokea habari hizo kwa furaha. Kwao, uamuzi wa makampuni ulikuwa ni kuwapa kisogo wateja waaminifu ambao hawajamdhuru mtu, na kuwaletea wao biashara.

Jicho la mwenye duka

Ingekuwa kosa, hata hivyo, kuhitimisha kwamba duka kubwa ni salama na dogo ni hatari. Yapo mambo ambayo kompyuta ya kampuni haiyaoni, na ambayo mwenye duka makini huyaona mara moja: mnunuzi anayesita, anayenuka pombe, au anayetazama mlangoni kila mara kana kwamba kuna mtu anayemsubiri nje.

Mwaka 2016, wiki kadhaa kabla ya watu 49 kuuawa katika klabu ya usiku mjini Orlando, Florida, wafanyakazi wa duka moja la bunduki la jimbo hilo walikataa kumwuzia mtu aliyetaka fulana nzito ya kuzuia risasi na risasi nyingi kwa mkupuo. Walieleza baadaye kwamba mtu huyo alikuwa Omar Mateen, muuaji wa Orlando, na kwamba waliwaarifu FBI juu ya mtu huyo, lakini kwa kuwa hakuuziwa kitu hawakuwa na jina lake. Mateen alinunua silaha zake katika duka jingine la mtaani, akapita uchunguzi bila kikwazo.

Tukio hilo laonyesha thamani ya jicho la muuzaji na pia kikomo chake. Anayekataa hana la kufanya zaidi ya kumfungulia mteja mlango atoke, na sheria haimzuii mteja huyo kujaribu kwingine.

Mfano mwingine watoka New Hampshire. Mwaka 2009, katika muda usiozidi wiki moja, watu watatu wasiohusiana walinunua bunduki katika duka moja la jimbo hilo, na kila mmoja akajiua nayo saa chache baadaye. Wote walipita uchunguzi, kwani hakuna fomu inayoweza kusoma majonzi ya mtu.

Badala ya kunyamaza, mwenye duka hilo alikaa pamoja na wataalamu wa afya ya jamii na wauzaji wenzake. Waliandaa maelekezo ya namna ya kumtambua mteja aliye katika dhiki, kama vile mtu asiyejua lolote kuhusu bunduki, asiyejali anapewa aina gani, na anayetaka risasi chache tu. Maduka yakabandika mabango yenye namba za simu za msaada. Mpango huo umeigwa na majimbo mengine.

Uzito wa jambo hilo hauonekani katika vichwa vya habari, ambavyo hujaa mauaji ya halaiki. Mwaka 2021 watu 48,830 walikufa kwa risasi nchini Marekani, na zaidi ya nusu yao, yaani 26,328, walijiua wenyewe. Katika vifo vya aina hiyo, muuzaji wa bunduki huenda ndiye mtu wa mwisho kuzungumza na marehemu.

Wachache wanaowachafua wengi

Upande wa pili wa uhuru huo wa muuzaji ni giza. Februari 2000 ilitolewa ripoti ya ATF iliyochunguza bunduki zilizokamatwa katika uhalifu na kufuatiliwa zilikotoka mwaka 1998. Ilibainika kwamba asilimia 1.2 tu ya wauzaji ndio walioziuza asilimia 57 ya bunduki hizo. Wauzaji takriban 86 katika kila 100 hawakuwa na hata moja.

Takwimu hizo zahitaji kusomwa kwa uangalifu. Duka linalouza bunduki nyingi karibu na jiji lenye uhalifu laweza kuonekana katika orodha hiyo bila kuvunja sheria. Lakini yapo yaliyothibitika kuwa na uzembe.

Mwaka 2002 watu wawili waliwaua watu 10 kwa kuwavizia katika eneo la Washington na viunga vyake. Bunduki yao ilitoka katika duka la Bull's Eye la Tacoma, jimbo la Washington lililo upande wa pili wa nchi. Duka halikuwa na maelezo ya namna ilivyotoka, na wakaguzi walikuta silaha zaidi ya 200 zisizojulikana zilikokwenda. Mwaka 2004 familia za waathirika zililipwa dola milioni 2.5, milioni 2 kati ya hizo zikitoka kwa upande wa duka na zilizobaki kwa mtengenezaji wa bunduki.

Kosa linalojirudia zaidi ni la mnunuzi wa kivuli, yaani mtu mwenye rekodi safi anayejaza fomu kwa niaba ya asiyeruhusiwa. Mwaka 2015 mahakama ya Milwaukee, Wisconsin, iliamuru duka la Badger Guns liwalipe maofisa wawili wa polisi karibu dola milioni 6. Maofisa hao walipigwa risasi mwaka 2009 na kijana wa miaka 18 kwa bastola aliyonunuliwa na mwenzake wa miaka 21. Ilionekana kwamba muuzaji alikuwa na kila sababu ya kutambua nani hasa alikuwa mnunuzi.

Kesi kama hiyo ni nadra. Tangu mwaka 2005 iko sheria ya shirikisho inayowakinga watengenezaji na wauzaji wa silaha dhidi ya madai mengi, isipokuwa pale muuzaji alipovunja sheria akijua au alipomkabidhi silaha mtu ambaye alipaswa kumtilia shaka.

Ukaguzi nao ni hafifu. Sheria ya mwaka 1986 huiruhusu ATF kufanya ukaguzi wa kawaida mara moja tu katika miezi 12, na kwa kuwa wauzaji wanazidi 50,000, yapo maduka yanayopitisha miaka mingi bila kumwona mkaguzi. Sheria hiyo hiyo ilikataza kuwapo daftari moja la taifa la wenye bunduki. Polisi wanapookota bunduki, kituo cha ATF cha Martinsburg, West Virginia, hulazimika kumuuliza mtengenezaji, kisha msambazaji, kisha duka, mpaka lipatikane jina la mnunuzi wa kwanza. Duka likiwa na vitabu vilivyotunzwa vizuri, kazi huenda upesi. Likiwa na vitabu vibovu, nyayo hupotelea hapo.

Mlango wa pembeni

Mjadala wa duka kubwa na dogo haukamiliki bila kutaja njia mbili nyingine. Ya kwanza ni intaneti. Mteja anaweza kulipia bunduki kwenye kompyuta, lakini muuzaji aliye jimbo jingine hawezi kumpelekea nyumbani. Hana budi kuituma kwa muuzaji mwenye leseni aliye karibu na mteja, ambaye humfanyia uchunguzi na kutoza ada ya makumi machache ya dola. Hivyo biashara ya intaneti haikumwondoa muuzaji wa mtaani bali imemgeuza kuwa lango lake.

Ya pili ni mauzo ya mtu binafsi kwa mwenzake, yawe kwenye maonyesho ya bunduki au kando ya barabara. Sheria ya shirikisho haimlazimishi mtu asiyefanya biashara hiyo kumchunguza mnunuzi, ingawa majimbo kadhaa yamejiwekea sharti hilo. Bunduki tatu kati ya nne zilizotumika Columbine zilinunuliwa kwenye maonyesho na rafiki wa wauaji mwenye miaka 18, kutoka kwa watu wasio na leseni. Mnunuzi wa namna hii halikuti duka kubwa wala dogo.

Kwa ndugu zetu walioko huko

Watanzania na Wakenya wanaoishi Marekani nao huguswa na sheria hizi. Mwenye kibali cha ukaazi wa kudumu anaweza kununua silaha kama raia, akitimiza masharti mengine. Lakini aliyeingia kwa viza ya muda, kama ya masomo au ya matembezi, kwa kawaida haruhusiwi kununua wala kumiliki bunduki wala risasi. Lipo ruhusa la pekee kwa wachache, mathalani walio na leseni halali ya uwindaji.

Mwanafunzi anayeombwa na rafiki "amsaidie tu" kujaza fomu, kwa sababu rafiki huyo amekataliwa, ajue kwamba anaombwa kutenda kosa. Tangu mwaka 2022 kumnunulia silaha mtu asiyeruhusiwa kunaweza kumfunga mhusika hadi miaka 15, na kwa mgeni hatia kama hiyo yaweza pia kumpotezea haki ya kuishi nchini humo.

Kuhusu suala la duka lipi ni bora, jibu haliko katika ukubwa wa jengo. Duka kubwa huleta kanuni zilizoandikwa, zinazomfunga hata mfanyakazi mzembe. Duka la mtaani huleta mtu anayemtazama mteja usoni, ambaye aweza kuwa kinga bora kuliko kanuni yoyote, au asiwe kinga kabisa. Sheria iliwapa wote fomu moja na simu moja ya FBI. Yanayobaki, zikiwamo zile siku tatu za kazi zilizompa Dylann Roof bastola, imeyaacha katika dhamiri ya muuzaji.